Kapteni Magoti na Friji ya Chanjo

Kila siku shule ilipofungwa, Kiden alipitia kisimani, akajitwisha ndoo ya maji, akaenda nayo zahanati. Hakuwa mgonjwa. Muuguzi wa zahanati hiyo ndogo, pembezoni mwa mji wa Koboko, alikuwa shangazi yake Medina, na Kiden aliishi kwake. Kazi yake ilikuwa kujaza mtungi, kufagia ukumbi wa wagonjwa na kufuta vumbi. Na vumbi la kiangazi la Koboko mnalijua ninyi wenyewe: ukilifukuza mlangoni, linaingia dirishani.

Zahanati ilikuwa na vitu viwili vya kutumia umeme. Cha kwanza kilikuwa friji ya chanjo, kuukuu, mpira wa mlango wake umelegea. Cha pili kilikuwa kompyuta. Iliachwa na daktari mgeni aliyekuwa akipima watu ugonjwa wa malale. Alipoondoka aliwaachia kompyuta kama zawadi, lakini jenereta yake kubwa akaondoka nayo. Sasa huo ukarimu gani, wa kumpa mtu sufuria ukabeba jiko? Kompyuta ikafunikwa kitenge, ikakaa kimya mezani.

Jenereta iliyobaki ilikuwa ndogo, na mlezi wake alikuwa Mzee Loku, mwanajeshi wa zamani aliyerudi kutoka uhamishoni Sudani. Aliiwasha asubuhi na kuizima usiku watu walipokwisha kula. Kila aliyeingia zahanati alionywa na mzee huyo.

"Hii mashini iko mzee kama mimi," alikuwa akisema. "Inabeba friji peke yake. Ukiongeza kitu ingine, inakohoa, inakufa."

Kiden aliyasikia maneno hayo mara nyingi. Shida ni kwamba alijua pia kilichokuwa ndani ya kompyuta ile. Kabla ya kuondoka, daktari alimfundisha mchezo mmoja wa maharamia, na tangu siku hiyo moyo wa Kiden haukutulia.

Mchezo wenyewe ulimhusu Kapteni Magoti, haramia anayeogopa maji. Magoti yake yaligongana hata akiona ndoo. Kasuku wake mwenyewe alikuwa amemwibia meli, na kazi ya mchezaji ilikuwa kumsaidia kuirudisha. Hapakuwa na mbio wala risasi. Ulishika kile kidude kinachoitwa mausi, ukapeleka mshale juu ya kitu, ukabonyeza. Ukibonyeza pilipili kisha chungu cha mchuzi, mlinzi wa lango anakunywa mchuzi huo na kukimbilia baharini akipiga kelele, nawe unapita. Mtu akimuuliza Kapteni swali, majibu matatu yanatokea chini, yote ya uongo na yote ya kuchekesha, wewe unachagua moja. Ukikosea, hakuna neno. Unarudi ulipoanzia.

Kiden alimsimulia Jada, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita. Wote wawili hawakuwahi kuiona bahari. Jada aliuliza maharamia ni watu gani, Kiden akamwambia ni kama wale wanaovusha petroli usiku kule mpakani Oraba, ila wao wamevaa kofia mbaya. Jada akacheka, akataka kuwaona.

Basi alasiri moja Shangazi Medina alipokwenda kutazama wagonjwa majumbani, Kiden alipata akili. Kama jenereta haibebi mizigo miwili, si itue mmoja? Alichomoa waya wa friji, akachomeka wa kompyuta. Huko nyuma jenereta ilinguruma vilevile, na Mzee Loku, ambaye masikio yake yalikwisha choshwa na mizinga, aliendelea kusinzia kwenye kiti chake.

"Friji si itapata moto?" Jada aliuliza.

"Imefungwa. Baridi itatoka wapi?" Kiden alijibu, naye aliamini hivyo.

Walicheka mpaka machozi. Shangazi alipokaribia kurudi, Kiden alirudisha waya wa friji na kufunika kompyuta kwa kitenge chake. Kesho yake Shangazi alipotoka walicheza tena, na siku iliyofuata vilevile. Mtu akionja asali hachovyi mara moja. Walifika mahali kasuku alipokataa kutoa ufunguo wa meli mpaka asimuliwe hadithi asiyoijua, na kila hadithi waliyobonyeza kasuku aliijua. Juma zima likaisha wakipambana na ndege huyo. Siku zote hizo Jada alifungua friji mara kwa mara kunywa maji, akilalamika kwamba hata hayakuwa baridi sana. Shangazi alisoma kipimajoto kila asubuhi. Kwa kuwa friji ilipata umeme jioni nzima, asubuhi kipimo kilikuwa kizuri, naye hakushuku kitu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka chanjo vijijini, upande wa njia ya Oraba. Zubeiri, dereva wa pikipiki, alifika mapema, na Kiden akaitwa kushika kasha la baridi wakati shangazi yake akipanga chupa ndogo ndani yake. Shangazi alizipanga taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Zubeiri aliuliza kwa nini hawezi kuzitia mfukoni tu akimbie.

"Zikipata joto zinakufa," Shangazi Medina alimjibu. "Na ubaya wake, hazionyeshi. Rangi ni ile ile. Unamchoma mtoto, mama anarudi nyumbani akishukuru, kumbe mtoto hana kinga yoyote. Surua ikija, inamchukua."

Kiden alizitazama zile chupa. Zilikuwa safi, zinang'aa, na baridi ya asubuhi imeziloanisha. Hakuna mtu duniani angejua, isipokuwa yeye na Jada, na Jada alikwisha mwambia kwamba siri ya wawili ni ya wawili.

Hapo majibu yakaanza kumjia kichwani, kama yale ya Kapteni Magoti. Aseme ameona waya umelegea wenyewe. Aseme panya wameuchezea. Au asiseme kitu, amwage machozi na kudai tumbo linauma, ili safari ichelewe. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila moja lilikuwa na watoto nyuma yake, wamebebwa migongoni na mama zao, wanakuja njiani. Shangazi alipanda pikipiki, Zubeiri akapiga kiki, injini ikaitika. Kiden aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Anti, usipeleke hiyo dawa," alisema. "Imekufa."

Shangazi alimwambia Zubeiri azime. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, nani amemwambia hivyo.

"Ni mimi nilichomoa friji. Juma lote, mchana. Nilicheza kompyuta."

Shangazi Medina alishuka. Hakumpiga, ingawa Kiden alikwisha kuinamisha shingo akingoja. Alimuuliza alichomoa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na mlango ulifunguliwa mara ngapi, Kiden akajibu kila swali kwa kweli, hata lile la Jada na maji. Shangazi akalifunua kasha, akaziondoa chupa zote, akaziweka kando kwenye beseni. Ilimuuma. Chanjo zile alikuwa amezingoja kwa muda mrefu.

Mzee Loku alikuja akiwa ameshika kofia, akasema kosa ni lake, mlinzi gani analala mchana. Shangazi akamjibu kwamba kosa litagawanywa baadaye. Alichukua redio ya upepo iliyotumia betri, akazungumza na ofisi ya afya ya Arua, akaeleza yote bila kuficha. Wakamwambia kuna lori litakalopanda Koboko kesho, nao watamletea kasha jipya. Kiden alipumua. Alidhani mambo yamekwisha.

"Bado," alisema Shangazi. "Wale akina mama wananingoja. Panda, twende. Wewe utawaambia."

Walikuta wanawake wamejaa penye kanisa la kijiji, wengine wametoka mbali tangu alfajiri. Kiden alisimama mbele yao. Alisema: chanjo imeharibika, aliyeiharibu ni yeye, alichomoa friji ili acheze, na wanaombwa warudi Jumatatu. Minong'ono ikaenea. Mwanamke mmoja aliyeitwa Viktoria, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alisogea mbele. Hasira ilionekana usoni pake wazi.

"Mimi natoka mbali," alisema. "Nimeacha muhogo wangu shambani, mbuzi wanakula saa hii. Unajua mimi nilizika mtoto kwa sababu ya surua? Kule Sudani, kwenye kambi."

Kiden alisema tu, "Nisamehe, mama." Alilia, na hayakuwa machozi ya kudai tumbo linauma.

Viktoria akaipanga upya nguo aliyombebea mtoto, akamgeukia Shangazi na kusema kwamba Jumatatu atakuja.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Juma lile watoto kadhaa wa mjini walikuwa wamechanjwa palepale zahanati, kutoka friji ile ile. Jumapili yote Kiden na Jada, ambaye sasa alikuwa mpole kama maji mtungini, walizunguka Koboko nyumba kwa nyumba kuwaita tena. Nyumba nyingine waliambiwa asante. Nyumba nyingine walitukanwa, na bibi mmoja aliwafukuza kwa mwiko. Hawakukimbia; walisimama wakaeleza mpaka akaelewa. Jioni miguu yao ilikuwa myekundu kwa vumbi, na hakuna mtoto waliyemsahau.

Lori lilifika, kasha likaingia kwenye friji. Mzee Loku alitafuta kipande cha mpira wa gurudumu, akaziba mlango uliolegea. Kompyuta ilirudi chini ya kitenge. Kapteni Magoti alibaki ufukoni bila meli, na kwa habari nilizo nazo, yuko hapo hadi leo. Ni haki yake. Watoto wa darasa la sita, waliokwisha kusikia habari zake, ndio waliosikitika, kwa hiyo Kiden akawa anawasimulia wakati wa mapumziko, na kila mmoja akatunga mwisho wake.

Jumatatu Shangazi alimwombea Kiden ruhusa shuleni, wakaenda pamoja. Wanawake walikuja, si wote, lakini wengi. Viktoria alikuwa wa kwanza. Sindano ilipotolewa, mtoto alijirusha na kupiga mateke, na mama mtu akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Akamwita Kiden.

"Njoo shika miguu yake," alisema. "Wewe ulituambia kweli. Ungenyamaza, mimi ningerudi nyumbani na furaha ya bure."

Kiden alimshika mtoto. Sindano ikaingia, mtoto akalia kwa nguvu zote, kilio kizuri cha mtoto mwenye afya, na mama yake akacheka.

Wakati wa kurudi, Shangazi Medina alimkalisha Kiden chini kabla hawajapanda pikipiki.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wazee walisema hivyo kwa mgonjwa, lakini kosa nalo ni maradhi. Ukilificha, halikuui wewe peke yako, linakwenda kwa mtu ambaye hata hakucheza. Sikufurahi ulipochomoa ule waya, na bado sijafurahi. Lakini uliposema pale, pikipiki imewashwa, mimi niko juu yake, nilijua nina mtu wa kumwachia ufunguo wa zahanati."

Akaufungua ufunguo kutoka kwenye ncha ya kanga yake, akampa.