Mzigo Ndani ya Joho

Siku ile chumbani tulikuwa sita. Mfalme mwenyewe. Mwanawe wa kwanza, ambaye sisi wa jikoni na wa ushonaji tulimwita Kesho, kwa sababu kwa miaka thelathini aliambiwa atatawala kesho. Babu Funguo, msimamizi wa nyumba. Mama mkwe wangu, fundi wa nguo za mfalme. Mimi, msaidizi wake. Na binti yangu wa miezi minne, mgongoni kwangu. Nimewataja wote kwa sababu baadaye tuliulizwa mara nyingi ni nani mwingine alikuwepo. Kila mara tulijibu: sita tu. Mpaka leo sijui kama tulisema kweli.

Asubuhi ilianza vizuri. Jua liliingia kwa dirisha la chumba cha kushonea, likatua kwenye meza ndefu, kwenye pasi, kwenye kopo la pini. Mama mkwe alinipisha kiti chake cha dirishani ninyonyeshe.

"Kaa wewe. Mtoto hasubiri mfalme," alisema.

"Na macho yako, Mama?"

"Yanapumzika. Vidole ndivyo vinavyoona siku hizi."

Alizihesabu pini mara mbili, kama kawaida yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akicheka. "Pini moja ikimchoma Mtukufu leo, wewe na mimi tutakwenda kushona magunia jela."

Lazima nieleze habari ya joho. Lilikuwa ni lile alilotawazwa nalo, miaka hamsini na miwili nyuma. Kila mwaka, siku kama ile, alilivaa na kusimama roshani watu wamwone. Amri ilikuwa lisipunguzwe hata uzi. Lakini mwenye joho alikuwa anapungua. Fundi aliyekuwepo kabla ya mama mkwe alithubutu kumwambia, "Mtukufu, tubane kidogo mabegani," na kwa miaka mitatu hakuonekana kazini wala kwa mkewe. Kwa hiyo mama mkwe hakubana. Alijaza. Alifumua bitana kimyakimya, akapanga matambara laini mabegani, kifuani na mgongoni, akashona tena. Kutoka chini uwanjani watu waliona mfalme yuleyule mpana. Matambara yalitoka stoo ya humo humo ndani, maana pamba ikinunuliwa dukani, mwenye duka angeuliza ni ya nini.

Sisemi mfalme alikuwa mbaya tangu mwanzo. Shule niliyosoma mpaka darasa la saba aliijenga yeye, na mama yangu alinisimulia kwamba siku ya kuifungua alivua viatu mlangoni ili asichafue sakafu mpya. Lakini mtu anaweza kukikalia kiti mpaka kiti kikamkalia yeye. Miaka ya mwisho upepo uliezua paa la shule ile, na barua za mwalimu mkuu zilirudi hazijafunguliwa. Waziri aliyemwambia kuwa watu wamechoka alirudishwa kwao akachunge mbuzi. Na yeye aliyekuwa akiamua kesi za ndoa na urithi za kila mtu hakuweza kula meza moja na watoto wake. Kesho na mdogo wake waliandikiana barua kutoka vyumba viwili vya ukumbi mmoja, Babu Funguo ndiye tarishi.

Palikuwa na wa tatu. Binti, kitinda mimba. Huyo hakuna aliyeruhusiwa kumtaja.

Saa sita Babu Funguo alileta furushi la matambara, limefungwa kwa shuka. Kwa mkono wa pili alishika kikombe, amekifunika kwa kisahani.

"Chai ya mama mtoto," alisema. "Maziwa yakikauka tutalaumiwa sisi wazee."

Mwaka ule mfalme alikuwa amekonda kuliko miaka yote. Matambara yetu hayakutosha, na mgongoni palibaki shimo. Mama mkwe aliingiza mkono ndani ya furushi, akapapasa, akatoa kitambaa kirefu cha njano iliyopauka.

"Hiki laini. Kikunje mara nne, kiweke hapa katikati ya mabega."

Nilikikunja. Ncha zake mbili zilikuwa na mikunjo mikavu, kama za mbeleko iliyokaa imefungwa siku nyingi bila kufunguliwa. Kilinuka maziwa. Nilikuwa nimetoka kunyonyesha, blauzi yangu imelowa, nikadhani ile harufu ni yangu. Nilikiweka. Mama mkwe akashona.

Hilo ndilo kosa letu. Sina lingine la kukiri.

Saa nane mfalme aliingia, Kesho nyuma yake. Tulipiga magoti. Alikuwa mzee mwenye mikono mizuri, na kila mara alimwambia mama mkwe, "Inuka, Fundi, magoti yako ni makubwa kuliko yangu kwa umri." Hata siku ile alisema hivyo. Nataka ijulikane.

"Baba," alisema Kesho, "mwaka huu ungekaa tu. Ningesimama mimi."

"Kwa miguu ipi? Hiyo inayotetemeka mbwa akipiga chafya?"

Kesho aliangalia kucha zake. Alikuwa na mvi nyingi kuliko baba yake.

Tulimvika joho. Mabega yalikaa. Kifua kilikaa. Mama mkwe alipitisha kiganja mgongoni kulainisha, na nikaona mkono wake umesimama pale. Kisha akauondoa haraka, kama aliyegusa birika la moto.

"Limekuwa zito," alisema mfalme.

"Ni lilelile, Mtukufu."

"Nimesema zito?"

"Ni zito, Mtukufu."

Alienda mbele ya kioo. Alijitazama muda mrefu. Halafu akaanza kujitikisa, taratibu, uzito ukihama kutoka mguu huu kwenda ule. Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto. Nilidhani anajaribu joho. Kisha nikaona magoti yake yanakunjika kidogo kila akihama, na mkono wake mmoja umekwenda nyuma, chini ya kiuno, unapigapiga polepole. Kila mama anaijua ile. Alikuwa anabembeleza.

Yeye mwenyewe hakujua.

Binti yangu aliamka. Nilihisi shingo yake ikijiinua begani kwangu. Kwenye kioo nilimwona anatazama juu ya bega la kushoto la mfalme. Alitabasamu. Alifanya ile sauti anayoifanya akiona mtoto mwenzake.

"Mnyamazishe huyo anayelia," alisema mfalme.

"Halii, Mtukufu," nilisema.

"Analia. Tangu nimevaa analia."

Babu Funguo alisogea karibu yangu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Alikuwa ameona sakafuni nguo zilizobaki kwenye lile furushi.

"Mwanangu," alininong'oneza, "kile kitambaa cha njano kiko wapi?"

Nilimwonyesha kwa macho.

Alizishika funguo zake zote kwa mikono miwili zisilie. Na pale, kwa maneno machache, nilijua. Miaka sita nyuma yule binti alisimama mbele ya baraza akamwambia baba yake, "Baba, umefanya kazi. Sasa pumzika." Mfalme akajibu, "Sina binti." Akafukuzwa. Mwaka wa tatu alirudi, masika, anaumwa, mtoto mchanga mgongoni. Alisimama nje ya geti siku mbili. Mlinzi mmoja alimpa mwavuli, akaachishwa kazi. Mfalme alikuwa dirishani. Kesho alikuwa dirisha la pili.

"Mtoto alikata roho palepale mgongoni," alinong'ona Babu Funguo. "Mama yake hakukubali kumfungua. Aliendelea kujitikisa, kulia, kushoto, mpaka naye akaanguka, akafa. Mimi nilikwenda zahanati kuchukua nguo. Sikuweza kuzitupa, mwanangu. Nilizifunga shuka nikaficha stoo. Mashuka yanafanana. Leo nimekosea furushi."

Alikuwa amezitunza kwa huruma. Ndiyo maana siwezi kumlaumu.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Akachukua mkasi mdogo. "Mtukufu, vua dakika moja tu. Kuna mshono mgongoni haujakaa."

Nilimtazama. Akifumua mbele yake, mfalme ataona matambara, ataona kitambaa, na nani angeamini kuwa si uchawi? Mwanamke mzee, nguo ya marehemu, mgongo wa mfalme. Kwa hilo mtu hapelekwi kushona magunia tu. Lakini akiacha, mfalme ataanguka mbele ya watu wote, na watalifumua joho wao.

"Sivui," alisema mfalme. "Kengele imelia."

Ilikuwa imelia kweli. Chini uwanjani watu walikuwa wanaanza kupiga makofi.

Alipiga hatua. Akainama. Akapiga ya pili. Akainama zaidi. Kifuani pake, juu ya joho, kitambaa kilianza kubana chenyewe, mstari mmoja juu ya titi, mwingine chini yake, kama kuna mtu anakaza fundo. Pumzi yake ikawa fupi.

"Kesho," alinong'ona Babu Funguo, akisahau cheo, "mwambie. Wewe uliona."

Kesho aligeukia ukuta.

Nikasema mimi. Sijui niliutoa wapi ule ujasiri. Labda ni kwa sababu ninajua mtoto wa mgongoni anataka nini.

"Mtukufu, ukimnyamazia atazidi. Mwite. Mwambie ni wako."

Alinitazama kwenye kioo. Nilijua ananiua. Macho yake yalikuwa mekundu, na nyuma ya macho yale nikaona mzee anayeogopa, kama mzee yeyote.

"Sina binti," alisema.

Kitu kilimkaza. Nilisikia mbavu zake zikilia.

Alitoka kwenda roshani, mikono na magoti vikikaribia sakafu. Tulimfuata, mama mkwe na mimi, kila mmoja upande wake, tukijifanya tunashika pindo. Makofi yalikatika. Watu hawakuwahi kumwona akiinama. Maelfu ya watu, kimya, na katika kimya kile nilisikia kile alichokuwa anakisikia yeye. Kidogo sana. Kwikwi ya mtoto aliyelia mpaka sauti ikamwishia.

Mfalme alipiga goti. Akakunja mgongo, vilevile tunavyokunja sisi tukitaka kumteremsha mtoto salama.

"Kitinda," alisema. Sauti ilikuwa ya baba wa mtu. "Kitinda wangu. Shuka. Ni wewe, nakujua. Baba alikosea. Shuka, mwanangu."

Tulingoja.

Hakushuka.

Aliita tena. Aliita jina lake kamili, lile lililokatazwa, kwa nguvu, watu wa mbele wakalisikia na wanawake wengine wakashika vichwa. Bado mgongo wake ulikuwa umebonyea. Na ndipo nilipoelewa, nikiwa na wangu mgongoni, pumzi yake ya moto shingoni. Hakuwa yeye. Kitinda ndiye aliyebeba, si aliyebebwa. Aliyekuwa ndani ya ile mbeleko alikuwa mwingine.

Nilimgeukia Babu Funguo mlangoni. "Mjukuu aliitwa nani?"

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kola. "Hatukuuliza."

Nilimtazama mfalme. Alikuwa amesikia. Midomo yake ilitafuta. Ilijaribu jina moja, ikaacha. Miaka hamsini na miwili alijua majina ya mito, ya milima na ya maadui zake wote. Alitafuta la mjukuu wake na hakulipata.

Walimbeba ndani. Mama mkwe alilifumua joho mbele ya daktari na walinzi, kwa amri ya Kesho. Nilifumba macho nikingoja jela. Yalitoka matambara ya mabegani. Ya kifuani. Mgongoni hapakuwa na kitu. Mshono wa mama mkwe ulikuwa mzima, uzi wake haujaguswa, na ndani palikuwa patupu. Nilijipapasa mgongoni haraka. Binti yangu alikuwa amefungwa kwa kanga yangu, peke yake, amelala.

Hatukushtakiwa. Mfalme mwenyewe, kitandani, alisema, "Mwacheni Fundi. Ni mgongo wangu." Siku iliyofuata aliamuru mifupa ya binti yake iletwe makaburi ya nyumbani. Aliandika barua kwa mkono wake kwenda zahanati akiuliza jina la mtoto. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Daftari lilisema: mtoto wa kike, miezi minne. Pa jina palikuwa na mstari.

Aliishi miezi minane zaidi. Hakunyooka tena. Alilala kifudifudi, na wauguzi walisema akisinzia mkono mmoja ulikwenda nyuma, ukapigapiga.

Kesho alitawazwa akiwa amevaa suti ya kijivu. Joho liko kabatini kwetu. Kwenye bega la kushoto pana doa la unyevu, dogo, kama la mdomo wa mtoto. Nalipiga pasi kila Jumatatu linakauka. Kila Jumatano nalikuta limelowa.