Pikipiki Iliyogeuka Klarineti

Jumamosi hiyo ya harusi nyingi, ukumbi wa maduka ulifurika hata pa kuweka mguu hapakuwa. Dobi alikuwa na suti za watu begani, gauni lake la njano limeloa jasho mgongoni, na mbele yake kijana mrefu wa shati jeupe ameganda kwenye kioo cha duka la ala za muziki.

"Kaka, umepakwa gundi hapo?"

"Samahani dada, namtazama mchumba." Akaonyesha kwa kidole. Juu ya kitambaa chekundu kililala kitu cheusi chenye vibonyezo vya kung'aa.

"Filimbi?"

"Klarineti. Ya mbao, mpingo mtupu."

Dobi akasoma kibandiko cha bei, akarudia kusoma. Suti zikataka kumponyoka. "Wee! Hii si bei ya pikipiki nzima?"

"Pikipiki ninayo," kijana akasema polepole, kama mtu aliyepata wazo saa hiyo hiyo.

Alikuwa mpulizaji wa bendi ya harusi, na klarineti yake ya plastiki, alisema mwenyewe, ililia kama bata mwenye mafua. Akaomba namba. Dobi akampa ya pale anapofulia, asije akavimba kichwa. Jioni simu ikaita.

"Nina shati la kufuliwa."

"Moja tu?"

"Moja. Lakini nitalileta kila siku, hilo hilo."

Basi mapenzi yao yakaingilia mlango wa sabuni. Haukupita muda, pikipiki ikauzwa. Kijana akaja kwa miguu, viatu vumbi tupu, anacheka peke yake, akaipuliza klarineti mpya katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Sauti ilitoka nzito, ya joto, mpaka wateja wakasahau walichofuata.

"Mpulizaji wangu," Dobi akamtania, "sasa mimi utanibeba na nini?"

"Na mgongo, mpenzi."

Wakacheka. Utani mtupu, ila kijana aliondoka nao moyoni.

Siku moja bendi iliitwa kupiga uwanjani, na mawingu yalikuwa yametanda. Kijana akachukua ile ya plastiki, ya mbao akamwachia Dobi. Dobi hakuwa na wasiwasi hata chembe. Babu yake alitembelea fimbo ya mpingo maisha yake yote, akavukia nayo mito, akaisahau juani, na fimbo haikupata hata mkwaruzo. Akaitoa klarineti sandukuni, akaiweka kwenye rafu juu ya meza ya pasi ili aitazame akifanya kazi. Mvuke ukapanda, ukapanda. Mara: tak!

Ufa. Mwembamba kama unywele, umeshuka hadi tundu la kwanza.

Akairudisha sandukuni, akaipeleka kwa mama wa kijana. "Mpe mwanao, mama," ndiyo maneno pekee yaliyotoka. Akazima simu, akakimbilia kwa shangazi yake, akawa hali, hanywi.

Siku ya tatu ikaita simu ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Yupo?"

"Marahaba. Yupo, ananimalizia leso zangu kwa machozi." Akambandika Dobi simu sikioni.

"Dobi wangu, kama ni pikipiki, nitanunua nyingine. Nipe muda tu."

"Pikipiki gani tena?"

"Si umenirudishia vitu vyangu kwa mama? Nikajua basi, amechoka kutembea kwa miguu. Hata sanduku sikuligusa, mpaka jana."

"Basi umeona," Dobi akasema. "Niliiweka karibu na pasi. Nilidhani ni ngumu kama fimbo ya babu. Nimekuvunjia riziki yako."

"Toka nje."

"Nini?"

"Toka nje, mpenzi. Majirani wameanza kunitazama kama mwizi."

Alikuwa langoni, na shati lile lile jeupe, limekunjamana vibaya. Akafungua sanduku. Ufa ulikuwa umezibwa, na pete nyembamba ya fedha imeuzunguka mti, imeubana.

"Fundi alinicheka mimi," kijana akasema. "Fimbo imejaa ndani, hii imetobolewa ikabaki nyembamba, haitaki joto. Nilipaswa kukuambia. Anasema nyingi hupasuka, na zikifungwa pete zinaendelea kulia."

Akapuliza. Sauti ile ile nzito ikajaa uani. Dobi akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na njaa ya siku zote hizo ikamrudia kwa pamoja.

"Kuna kipande cha fedha kilibaki," kijana akasema, akifungua kitambaa cha kufutia klarineti. "Nikamwambia fundi asikitupe. Utaolewa na mtembea kwa miguu?"

"Mgongo si unao?"

Akamvisha. Pete ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Kijana akasukuma, haikwenda.

"Shangazi!" Dobi akaita bila kugeuka. "Niletee sabuni!"

Shangazi alitoka nyuma ya pazia la mlango, na sabuni alikuwa nayo tayari mkononi.