Chungu cha Roshani ya Shadia

Jioni ile Shadia hakwenda Makere kutafuta shari. Alikwenda kutafuta maua.

Miezi miwili nyuma, mumewe Saady alimwandikia talaka kwenye karatasi ya kufungia vitambaa, akamsokomezea nguo zake kwenye kiroba na kukitua nje ya mlango. Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni Zena, binti yao wa miaka saba, aliyebaki ndani na mke mpya. Saady alisema mtoto ni wake, basi, akafunga mlango polepole kama anafunga duka.

Mwanamke mwingine angerudi kwao Ujiji. Shadia alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali na moyo usiosahau, akafanya lake. Alipanga chumba na sebule kwenye ghorofa lililotazamana na duka na nyumba ya Saady hapo hapo Kasulu mjini, barabara ya vumbi tu katikati. Chumba kilivuja, bomba lilitoa maji siku linapotaka. Alichokifuata ni roshani: hatua mbili kwa tano, ukingo wa chuma wenye kutu, mkabala kabisa na kibaraza ambapo Saady alikunywa kahawa kila magharibi.

Aliipamba kwa hasira, na kusema kweli hasira zilimpa jicho zuri. Ukingo aliusugua kwa msasa akaupaka rangi ya bluu. Akatandika mkeka, akashona mito kwa mabaki ya vitenge, akaning'iniza pazia jepesi la kuzuia vumbi na kamba ya taa ndogondogo zinazochajiwa na jua. Akaweka viti viwili vya mianzi, kimoja chake, kimoja cha Zena siku atakayokuja. Maana nusu ya kazi ile ilikuwa ya mtoto, ainue macho aone mama yake anaishi pazuri, alilie kupanda. Nusu nyingine ilikuwa ya Saady. Alitaka kila akiinua kikombe aone alichokitupa, kahawa imchachie mdomoni.

Ilibaki kona moja tupu, ile iliyomtazama Saady moja kwa moja. Pale palitaka chungu kikubwa cha udongo, na mjini alipata ndoo za plastiki tu.

Sokoni Makere, mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, jina lake Nsimire, alimuuzia mche wa waridi uliooteshwa kwenye kopo la maziwa. "Hii fleur inapenda maji ya kidogo tu, mama," alimwonya. Vyungu hakuwa navyo. Shadia akapanda bodaboda kurudi, mche mapajani, moyo haujaridhika.

Jua lilikuwa linazama pikipiki ilipokata mnyororo. Venanti, dereva, alichuchumaa kuuunga. Shadia aliyebanwa na haja akajipenyeza kwenye migomba iliyojiotea ovyo kando ya njia. Palikuwa mahame. Ukuta mmoja wa tofali mbichi ulikuwa umebaki, na mafiga matatu meusi.

Hapo ndipo alipokiona.

Chungu kikubwa, cheusi kwa masizi ya zamani, kimefunikwa kifudifudi juu ya kituta cha nyasi. Kitakoni kilikuwa na tundu, la duara, limetobolewa kwa ustadi.

Shadia alifurahi waziwazi. Kila mwenye maua anajua kwamba chungu kisicho na tundu huozesha mizizi, na kutoboa udongo uliochomwa bila kuupasua ni kazi. Hapa mtu alikwisha kuifanya. Mtu wa vilima vile angekitazama kituta, akalitazama tundu, akarudi kinyumenyume. Lakini Shadia alizaliwa Ujiji, na kwao makaburi hayawekewi vyombo. Alikifunga kwenye kanga yake ya pili akatoka nacho, na Venanti akakikaza nyuma ya kiti kwa mpira bila kuuliza.

Migomba ilitikisika nyuma yao. Upepo haukuwapo.

Usiku huohuo alikiweka kwenye kona ile tupu, akakijaza udongo, akapanda waridi, akaweka sahani chini ya kupokea maji. Akamwagia kopo moja. Sahani ikabaki kavu. Akamwagia la pili, la tatu, mwishowe nusu ndoo. Tundu lilikuwa wazi, alilikagua kwa kidole chake mwenyewe. Maji hayakutoka, wala hayakufurika. Alijiambia udongo una kiu, akalala.

Siku ya tatu, magharibi, ilikuja harufu. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Shadia alikagua jiko lake, halina moto. Akarudi kwenye roshani yake, kitini, na hapo akasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ilikuwa sauti ya mwiko ukikwangua kitako cha chungu. Ilitoka konani.

Umeme ukakatika mtaa mzima, na taa zake ndogo nazo zikafifia. Ng'ambo ya barabara Saady alitoka na kandili, akaketi. Zena akamfuata amebeba birika lililomzidi nguvu, akasimama pembeni baba akila, bila kukaribishwa. Kifua cha Shadia kiliwaka. Kama macho yangekuwa visu, Saady asingemaliza tonge.

Kiti cha pili kililia, kama kinavyolia mtu anapokikalia.

Hakugeuka. Mwili wote ulimwambia asigeuke.

"Ni yupi?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, karibu na sikio. Shadia angeweza kunyamaza. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi. Lakini swali lilimkuta palepale alipokuwa, na mkono wake ukainuka wenyewe.

"Yule," alinong'ona.

"Na nyumba yake?"

"Nyumba yake yote."

Kiti kikalia tena... kimeachwa. Shadia alipogeuka aliona mto umebonyea katikati, na vumbi la majivu juu yake.

Wiki ile Saady alianza kula. Mwanzo watu walicheka. Sahani mbili, nne, kisha sinia la wageni watano peke yake. Akaagiza chapati, akaagiza ndizi, akala mahindi mabichi yaliyokuwa ya kuuza. Hakunenepa. Mashavu yaliingia ndani, kanzu ikamvaa badala ya yeye kuivaa. Wateja walimkuta anatafuna huku anapima kitambaa, wakaanza kupitia duka la jirani. Mke mpya alivumilia siku tano, akafungasha akarudi kwao Manyovu, na habari zilizokuja nyuma yake zilisema huko naye anakula hashibi.

Shadia alikaa kwenye mito yake na kikombe cha chai akitazama. Alifurahi, na raha yake hakuificha. Waridi lilichanua ua moja jekundu linaloelekea weusi, na alilimwagilia kila jioni kwa mkono wa upendo.

Hakufikiri. Hasira zilimjaza mpaka hesabu rahisi kabisa ikampita: nani mwingine analala chini ya paa lile.

Jioni moja mlango uligongwa kwa chini, usawa wa kitasa. Zena. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyekuwa na nguvu za kumzuia. Shadia alimkumbatia, na mikononi akaokota mifupa. Alimpeleka kwenye roshani, kule alikomtayarishia siku zote zile. Mtoto hakuangalia taa, wala mito, wala ukingo wa bluu.

"Mama, nina njaa."

Alimpa wali na maharage. Akampa tena. Akampakulia kila kilichobaki jikoni, akakaanga mayai, akamenya ndizi sita. Zena alikula kimya, haraka, machozi yakimtoka, kisha akaweka kijiko.

"Sijashiba," alisema. Akaelekeza kidevu kwenye kiti cha pili. "Na bibi naye hajashiba."

Shadia alishuka ngazi bila viatu. Chini ya ghorofa aliishi Ange, muuza chapati, mzaliwa wa Makere. Ange alipanda naye mpaka mlango wa roshani, akaona kona, na mguu wake ukagoma kuvuka kizingiti.

"Mama Zena," alisema polepole. "Hicho umekitoa wapi?"

Alipoambiwa, aliketi sakafuni. Kule kwao zamani, alieleza, mama mwenye nyumba akifa, chungu chake cha kupikia kilitobolewa kitako na kufunikwa juu ya kaburi, asimpikie tena mtu yeyote. Mwanamke wa mahame yale aliwapikia mumewe na mke mwenziwe huku mwenyewe akifungiwa bila tonge, mpaka akafia penye mafiga yake. Baada ya mazishi mume alikula, akala, hadi akafa na njaa. Wakafuata waliobaki nyumbani, na watoto, mpaka chungu kilipotobolewa na kufunikwa. Hivyo ndivyo bibi yake Ange alivyosimulia. Mengine Ange hakuyajua, na hakutaka kuyajua.

"Kirudishe kama ulivyokikuta," alisema. "Halafu useme umewaachilia. Kila mmoja kwa jina. Ukimbakiza mtu, njaa yake itakurudia wewe."

Kabla hakujapambazuka Shadia aling'oa waridi. Ndani ya chungu hamkuwa na udongo hata chembe. Mizizi ilikuwa imekumbatia utupu, na katikati yake kulikuwa na kitu cheusi kilichoungua, alichokitambua kuwa kichwa cha mwiko. Alikirudisha humohumo bila kukigusa kwa vidole.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba alipofika. Alipiga magoti kwenye kituta, akakifunika chungu kifudifudi, tundu juu.

"Zena," alisema. "Mwachilie Zena. Hana kosa."

Ndege hata mmoja hakulia. Kisha kutoka tunduni, karibu na uso wake, ikatoka pumzi yenye harufu ya majivu.

"Na mwingine?"

Shadia alifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi, jepesi, fupi. Akakumbuka kiroba. Akakumbuka mlango ulivyofungwa polepole, bila hata hasira, na mtoto aliyesimama na birika wakati baba anakula.

Akafunga mdomo. Akanyanyuka, akapangusa magoti, akaondoka.

Mchana ule Zena alikula nusu sahani na kuisukuma pembeni. "Nimeshiba, mama," alisema, na Shadia akalia kwa sauti bila kujali majirani. Ange alipouliza kama yote yalisemwa, alijibiwa yalisemwa. Tangu siku hiyo Ange hakupanda juu.

Ijumaa ndugu zake Saady walimtia kwenye gari kumpeleka kwa kaka yake Kibondo. Habari zilifika jioni, Ange akizitoa akiwa amesimama chini barabarani. Gari lilisimama Makere. Saady alishuka kununua mahindi ya kuchoma, akaacha wenzake wanalipa, akaingia migombani. Walimtafuta hadi jua linazama. Walimkuta ameketi kando ya kituta mbele ya chungu kilichofunuliwa, mdomo umejaa udongo, na taya bado zinatafuna. Alikuwa hai. Walipomvuta aliwaomba wamwache, maana chakula ndiyo kwanza kimeiva.

Shadia alimshukuru Ange kwa habari. Zena alikuwa amelala juu ya mito ya vitenge, amenawiri, kidole mdomoni. Taa ndogondogo ziliwaka vizuri. Ng'ambo, duka la Saady lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na roshani ilipendeza kama alivyoitaka tangu siku ya kwanza. Alitabasamu, akajimiminia chai kusherehekea.

Kiti cha pili kililia.

Hakugeuka. Alimimina kikombe kingine, kisha cha tatu, kisha cha nne. Chai ilikuwa ya moto. Aliisikia mdomoni, akaisikia kooni, na baada ya hapo hakuisikia ikifika popote.