Hina Masikioni mwa Fulla

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rihab alipanda ngazi hadi juu ya paa kufagia na kuanua nguo. Nyumba yao katika mji wa Nabeul ilikuwa na paa la bapa lililopakwa chokaa, jeupe pe, na jua likishapanda lilikuwa halitazamiki. Hapo ndipo Fulla alipopenda kulala. Alikuwa paka mweupe asiye na doa hata moja, na masikio yake yalikuwa membamba mno, mwanga ukipita ndani yake unakuwa wa waridi. Rihab alimwokota angali mdogo wa kuenea ndani ya kiatu. Sasa Rihab alikuwa darasa la sita, na paka huyo hakukubali kulala mpaka yeye alale kwanza.

Siku moja alipokuwa akimkuna, kidole chake kiligusa kitu kikavu kwenye ncha ya sikio la kushoto. Kilikuwa kigaga kidogo. Akadhani Fulla amepigana na paka wa jirani. Akakibandua, na chini yake palikuwa pabichi na pekundu. Baada ya siku chache kigaga kilirudi, tena kipana zaidi.

Angemwambia mama yake siku hiyo, mambo yasingefika yalikofika. Lakini Bibi Beya, mama yake baba, alikuwa amehamia kwao tangu Iyed, mdogo wake Rihab, alipozaliwa, na Bibi alikuwa na sheria yake kuhusu paka. Aliitoa mbele ya watu wote akimnyooshea Fulla kidole: siku atakayomwona na kidonda cha aina yoyote, paka anatoka nyumbani. Choa cha paka kikimpata mtoto mchanga, alisema, ni kazi kukitoa. Mama hakubisha. Mama alikuwa mtu wa hofu. Iyed akipiga chafya, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Rihab akafunga mdomo.

Ikaja harusi ya shangazi Najet. Nyumba ilijaa wanawake, na walipomaliza kumpaka bibi harusi, bakuli la hina lilibaki jikoni likiwa na tope la kutosha mtu mwingine. Rihab alilitazama, akatazama mlango. Akamchukua Fulla hadi chumbani, akampaka masikio yote mawili, kutoka ncha hadi katikati, kisha akamshikilia mapajani mpaka hina ikakauka.

Alipomwachia uani, wanawake walishika mbavu kwa kicheko.

"Jamani, na huyu naye anaolewa?" aliuliza shangazi Najet. "Bwana harusi ni nani, yule paka chongo wa kwa muuza nyama?"

Mmoja akajibu kwamba chongo ana mali, analala juu ya utumbo kila siku. Hata Bibi Beya alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kila mtu alimtazama Fulla siku hiyo, na hakuna aliyeona kidonda. Rihab naye alicheka, huku akimvuta Fulla karibu yake.

Kiangazi kikaingia. Pilipili zikaanikwa juu ya paa, na Fulla akaendelea kulala kando ya pilipili hizo kwenye jua kali. Kila mara hina ilipofifia, Rihab alichota nyingine kwenye kopo la Bibi na kumpaka upya. Alijiambia kwamba kidonda kitapona chenyewe. Hakikupona. Fulla alianza kutikisa kichwa mara kwa mara, na ukingo wa sikio ulikuwa umelika kama mkate ulioguguniwa na panya. Rihab naye akawa anaacha chakula sahanini. Shoga yake Chiraz alipomuuliza mbona amepungua, alimjibu kwamba ni joto.

Kisha asubuhi moja Mama aliingia chumbani kumwamsha Iyed, akakuta matone ya damu kwenye shuka, karibu kabisa na kichwa cha mtoto.

Alimvua nguo zote. Alimkagua puani, mdomoni, masikioni, kitovuni. Iyed alilia kwa kusumbuliwa, na Mama akaona analia kwa maumivu. Bibi alifika mbio, akasema huenda damu inatoka ndani ya sikio, na hiyo ni mbaya kuliko zote. Mama alikuwa tayari amemviringisha mtoto kwenye blanketi, miguuni kandambili moja ya kwake na moja ya Baba, anatafuta ufunguo na ufunguo uko mkononi.

Rihab alisimama mlangoni. Alijua damu ile imetoka wapi. Akisema, Fulla anatupwa. Asiposema, Iyed anapelekwa kuchomwa sindano bure, na Mama atakwenda njia nzima akitetemeka hivi.

"Mama," alisema, "si damu ya Iyed. Ni ya Fulla. Ana kidonda sikioni."

Mama alimrudisha Iyed kitandani. "Tangu lini?"

"Kabla ya harusi."

Rihab alingoja agombwe. Mama hakugomba. Bibi ndiye aliyesema. Alimshika Fulla, akageuza sikio kwenye mwanga wa dirisha, akaona lilivyolika. Akaanza kusema atolewe. Kisha akasita, akasema labda apakwe lami ya miti, ile wanayopaka mbuzi wenye vidonda.

"Hapakwi kitu tena," Mama alisema. "Nataka kujua mwanangu amelala na ugonjwa gani."

Akamwachia Bibi mtoto. Wakamtia Fulla kwenye kapu la nguo, wakafunga mtandio juu yake, wakaenda kwa Daktari Emna, daktari wa wanyama mwenye chumba chake nyuma ya soko.

Daktari Emna alianza kwa kumpima Fulla uzito. Akamtazama mdomoni, puani na kwenye kope, akambonyezabonyeza chini ya taya kutafuta mitoki, yaani tezi zilizovimba. Alinyofoa nywele chache, akazitazama kwenye hadubini, na kumwambia Mama kwamba haoni dalili za choa. Mama akashusha pumzi. Lakini daktari hakushusha yake. Alirudi kwenye sikio na kulitazama kwa muda mrefu.

"Nani alimpaka hina?"

"Mimi," Rihab alisema.

"Kumpamba?"

Rihab alitazama sakafu. "Kuficha."

Daktari Emna alieleza taratibu. Paka weupe hawana rangi ya kuwakinga na jua, na ngozi ya masikio yao ikiungua mwaka baada ya mwaka, inaweza kupata saratani. Inaanza hivyohivyo, kigaga kisichopona. Haiambukizi mtoto, wala paka mwingine. Hata hivyo alisema hawezi kuiita saratani kwa macho tu. Angemlaza Fulla kwa dawa ya usingizi, akate kipande kidogo cha sikio akipeleke maabara ya mji mkuu, Tunis, na ampige picha ya kifua aone kama ugonjwa umeshuka mapafuni.

"Tungekuja mapema ingekuwaje?" Mama aliuliza.

"Ningekata ncha tu. Sasa sikio la pili nalo lina gamba hapa, na hina imenifichia ngozi. Siwezi kuona pekundu panaishia wapi. Ikiwa ni saratani kweli, itabidi nikate hadi chini karibu na kichwa, nisije nikaacha mbegu yake."

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Picha ya kifua ilikuwa safi, lakini daktari alikuwa amesema picha haionyeshi vilivyo vidogo sana. Fulla alifungiwa ndani, akakaa dirishani kulilia paa. Simu ya Mama ikilia, Rihab alikimbilia chooni ili asisikie. Usiku alijiona ndotoni akimpaka hina, akimpaka tena. Siku moja Rihab alimkuta Bibi Beya akimlisha Fulla nyama ya kuku iliyochambuliwa. Bibi akadai paka ameiiba.

Majibu yalikuja: ni saratani ya ngozi. Mama alikuwa na maswali mengi hata daktari akamwomba aulize moja moja. Kwa vile tezi zilikuwa hazijavimba na mapafu yalikuwa safi, daktari alisema hawajachelewa, ila wakati uliobaki ni mfinyu. Upasuaji usichelewe.

Walimwacha Fulla kwa daktari asubuhi. Walipomrudia, alikuwa amelala kwenye blanketi, na masikio yake marefu hayakuwapo. Zilibaki kingo mbili fupi zenye nyuzi nyeusi, kichwa kimekuwa duara kama cha bundi. Shingoni alikuwa amevishwa kola ya plastiki asije akajikuna. Rihab alilia bila sauti. Fulla alifungua jicho moja, akamnusa vidole, akalifumba.

Vipande vilivyokatwa vilipelekwa tena maabara, na jibu likawa kwamba kingo ni safi, ugonjwa wote umetoka. Daktari Emna alifurahi, lakini hakuwadanganya: unaweza kurudi, hata puani au kwenye kope. Wamlete akaguliwe kila baada ya muda, jua la mchana lisimguse tena, na wasimpake mafuta ya watu ya kujikinga na jua, kwa sababu atayaramba.

Jioni ile Mama alikaa na Rihab jikoni wakichambua maharage. Fulla alikuwa chini ya meza akigonga miguu ya viti kwa kola yake.

"Unajua kilichoniuma?" Mama alisema. "Si paka. Ni kwamba uliogopa midomo yetu kuliko ulivyoogopa kidonda. Na mimi nilikuwa hapahapa, sikutazama. Nilicheka kama wenzangu."

"Nilidhani mtamtupa."

"Pengine tungesema hivyo. Maneno yanasemwa, halafu watu wanatulia. Sikiliza, mwanangu. Ukiona uvimbe, au kidonda kisichopona, kwako, kwa Iyed, kwangu, hata kwa paka, njoo uniambie siku hiyohiyo. Nitagomba. Mimi ndivyo nilivyo, hofu yangu hutokea mdomoni. Acha nigombe. Kugomba kwangu huisha kabla ya chakula kuiva. Ugonjwa uliofichwa hauishi, unakula tu."

Rihab alichambua maharage kidogo. Kisha akaacha.

"Mama, jino langu la nyuma linauma. Tangu shule zifungwe."

Mama aliweka bakuli chini. Akamwambia afungue mdomo, akamgeuzia kwenye taa, na akaanza kugomba: mtoto mkubwa hivi, kiangazi kizima, na peremende zile alizokuwa akizitafuna upande mmoja, Mama akidhani ni maringo. Aligomba akifunika sufuria, akagomba akimpigia simu daktari wa meno. Bibi alichungulia mlangoni kuuliza kuna nini, naye akapata fungu lake.

Walipoketi kula, Mama alikuwa amemaliza. Alimpakulia Rihab sehemu laini, ya kutafunia upande usiouma.