Mashine Iliyozima Kwenye Kaburi la Ndaki

Jirani zangu wa Ngulyati, na ninyi wa mbali mtakaoyasoma haya, tulieni niwaeleze yaliyotokea katika mji wa Mihayo, yaani nyumbani kwake. Najua wengi mmeshayasikia mnadani, lakini huko yametiwa chumvi mpaka hayaliki.

Asubuhi yenyewe ilikuwa njema. Mvua zilikuwa zimekatika, pamba imeanza kupasuka shambani, na Kwandu, shangazi yake Mihayo, alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye jamvi huku akiwafukuza kuku kwa maneno matamu kana kwamba ni wageni waliokuja kula bila kualikwa. Huyu ndiye aliyewalea Mihayo na kaka yake Ndaki baada ya mama yao kufariki. Wote wawili walimwita mayu, yaani mama. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya kila mwanamke aliyepikia samadi kavu na mabua ya pamba maisha yake yote. Shikeni hilo la macho, maana ndilo lililomponza.

Mihayo alikuwa anakata nyasi kwa mashine aliyoiacha Ndaki. Ndaki alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baada ya kuugua tumbo kwa muda mfupi, akazikwa pale pale uani kando ya baba yao. Misa ya kumwombea ilikuwa imekaribia, na Mihayo hakutaka padri akanyage vichaka.

Alianzia langoni, kama alivyozoea, akasukuma mashine kuelekea makaburini. Ilinguruma vizuri. Lakini alipolikaribia kaburi la Ndaki, sauti ikaanza kupanda na kushuka, ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba mara nyingi, kimya. Akafungua kifuniko cha tangi kuangalia petroli, akaiona ipo ya kutosha, akafunga. Alipovuta tena ikawaka, naye akamaliza kazi bila kufikiri sana.

Juma lililofuata ikazima pale pale. Debora mkewe, aliyekuwa anafua, aliacha nguo kwenye beseni akatazama.

"Ni hapo hapo tena, baba Jeremia," akasema.

Mihayo hakuwa mjinga wa mashine. Alifungua plagi akaipiga msasa, akakung'uta chujio la hewa, akaosha kabureta mpaka ikang'aa, akamwaga mafuta ya zamani akaweka mapya. Na kila alipoizungusha mashine, ilimfikisha kaburini ikakata roho. Moyo wake ukaanza kuingia ubaridi. Usingizini alimwona kaka yake amesimama langoni akivuta kamba ya mashine isiyowaka, akimwangalia kama mtu anayetaka kusema jambo.

Hapa nataka niwaulize, ndugu zangu. Je, mashine ile haikuzima mahali pengine? Ilizima. Kwenye ua wa kanisa ilizima, na nyumbani kwa mwalimu mmoja mjini Bariadi ilizima vilevile. Huko Mihayo alifungua kifuniko, akaongeza petroli, akaendelea na kazi yake. Hapakuwa na kaburi pale, basi hakuna aliyekumbuka.

Joakim, jirani yao wa ng'ambo ya zizi, ndiye aliyetoa shauri la kwenda kwa mfumu, yaani mganga. Ndiyo, mtu wa jumuiya ya kanisa, anayesali rozari kwa sauti kuliko wote. Wakaenda wote wawili. Mfumu alipasua kifaranga, akachungulia ndani, akasema marehemu hana amani kwa sababu aliyemmaliza angali anakula katika mji huo huo. Akasema ni mwanamke wa upande wa baba, mtu wa kukaa na moto. Jina hakulitaja. Hakuwa na haja, maana Joakim alimalizia mwenyewe njiani wakirudi: Kwandu, mwenye macho mekundu kama ya mchawi.

Kisha mfumu akaja mjini, akaiosha mashine nzima kwa maji ya moto yenye dawa, akaisugua kwa majani kuanzia magurudumu hadi kifuniko cha tangi. Mihayo akaiwasha mbele ya majirani waliojaa uani. Ikapita kwenye kaburi la Ndaki ikinguruma laini, ikarudi, ikapita tena. Watu wakashusha pumzi. Halafu wakageuza nyuso zao kuelekea jikoni, alikokuwa Kwandu.

Sitaeleza yote yaliyosemwa siku ile, mengine yananitia aibu kuyaandika. Kwandu aliambiwa jua lisimchwee Ngulyati. Alifunga jamvi lake na chungu chake kimoja, akasimama mbele ya kijana aliyemlea.

"Mihayo, nawe unasema hivyo?"

Mihayo alishika mpini wa mashine akatazama chini. Mama wa watu akajitwika mzigo wake akaenda zake, na kabla ya jioni wakawa wamekibomoa kijumba chake.

Ikaja siku Mihayo akaitwa kukata nyasi kwenye ua wa kanisa huko Nkololo. Mashine ikalazwa juu ya bodaboda, na petroli ikaanza kudondoka kupitia kile kitundu kidogo kilicho kwenye kifuniko cha tangi. Dereva akalalamika kwamba mguu unamwasha. Mihayo akafanya kama alivyofanya tangu alipoirithi mashine, na kama wanavyofanya wengi wetu tangi linapovuja: akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakiziba kile kitundu, akasahau.

Huko Nkololo mashine iliwaka vizuri. Baada ya muda ikaanza kupanda na kushuka, ikakohoa, ikazima. Mihayo alisimama. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kaburi la Ndaki, wala jiko la Kwandu. Palikuwa na nyasi tu, na mbuzi mmoja.

Akafungua kifuniko taratibu, akasikia tangi likivuta hewa kama mtu aliyezibwa pua. Akakigeuza kifuniko, akaiona sabuni.

Aliitoa kwa kijiti, akafunga, akavuta kamba, akakata nusu ya ua bila mashine kutetereka. Kisha, kwa sababu alitaka Mungu amwonyeshe kwamba amekosea, akairudisha sabuni. Mashine ikazima. Kitundu kile ndicho pumzi ya tangi. Kikizibwa, petroli haishuki. Na kutoka langoni kwake hadi kaburini ndio muda ule ule unaotosha pumzi kuisha. Maji ya moto ya mfumu yaliyeyusha sabuni, basi. Mihayo alikaa chini kwenye nyasi akalia kama mtoto, huku katekista akimwangalia dirishani asijue la kufanya.

Alimkuta Kwandu huko Mkula, kwa ndugu wa mbali, amekonda, anachambua mchele.

"Mwadila, mayu," akamwamkia, akapiga magoti.

"Mwadila, mwanangu. Kula kwanza."

Alikula ugali wake machozi yakidondokea mboga. Alipomaliza akamweleza yote, kitundu, sabuni na kaburi, akamwomba warudi nyumbani. Kwandu alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Lakini si wewe peke yako uliyenifukuza. Nenda ukawaambie wao kwanza. Wakikubali, nitakuja."

Mihayo akarudi mbio na tumaini jipya. Jumuiya ilipokusanyika, alisimama na kifuniko mkononi akawaeleza. Akawaonyesha kitundu. Akawaambia wazi kwamba shangazi yake hana kosa, na kwamba mwenye kosa ni yeye. Walimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha kuliko matusi.

Joakim akauliza polepole, "Ulipofika kwake, alikupa chakula?"

"Alinipa ugali."

"Ukala?"

"Nilikula."

Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja akanong'ona, "Ameshalishwa dawa," akafanya ishara ya msalaba. Jioni ile Debora alipopakua, aliweka sahani ya mumewe upande mmoja, akawavuta watoto upande mwingine, na hakumtazama machoni. Mihayo akaelewa kwamba Kwandu hatarudi tena Ngulyati, na kwamba sasa zamu ya kuogopwa ni yake.

Funzo

Jirani zangu, tusimhukumu mtu kwa kubahatisha. Jambo likitusumbua, tulichunguze hadi mwisho, hata kama tumechoka na tumeogopa, na tukumbuke pia mara zile lilipotokea bila ya huyo tunayemshuku kuwapo. Macho mekundu ni ya moshi. Tena, anayenyamaza mzee wake anapofukuzwa amefukuza pamoja na wengine. Uongo tukishauamini pamoja, ukweli wa mtu mmoja hautoshi kuuondoa. Kila atakayeusema tutamwona amelogwa. Kwandu yupo Mkula hadi leo, na njia ya kwenda kumwomba radhi iko wazi kwa kila aliyekuwapo uani siku ile, nami nimewataja kwa kadiri nilivyoweza bila kuwavunjia heshima watoto wenu.