Sindano ya Jumapili

Kila siku baada ya masomo Hilke alikuwa akiegesha baiskeli yake nyuma ya nyumba ya bibi yake, mjini Schiedam, na kuingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi. Chai ilikuwa tayari mezani. Bibi Geertrui alimpa biskuti moja, kisha akalifunga kopo na kulirudisha kabatini.

Bibi alikuwa na uvimbe kwenye utumbo kwa miaka mingi. Uvimbe huo ulikua polepole, lakini ulimfanya aharishe mno, na ndiyo maana alijichoma sindano tumboni kila siku. Sindano zilikaa kwenye friji, kando ya siagi, na Hilke alikwisha kuzizoea. Jambo ambalo hakulizoea lilikuja msimu ule wa mvua na upepo: daktari aligusa titi la kushoto la Bibi akakuta kitu kigumu. Tangu hapo Wietske, mama yake Hilke, alizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini, na Hilke akiingia aliikata.

Bibi alipangiwa kupigwa picha Jumatatu kwenye mashine kubwa ya hospitali. Sharti lilikuwa moja: kuanzia Jumamosi jioni asijichome sindano hata moja.

Kwa bahati mbaya Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bibi. Viti vilipangwa duara sebuleni, kama ilivyo desturi ya huko. Kila aliyeingia alizunguka duara lote akimpa pongezi kila mtu, akapewa kipande cha keki, akakaa. Katika duara kama hilo hakuna anayeinuka bila wote kumtazama.

Hilke alikwenda jikoni kuchukua visahani. Akamkuta Bibi amesimama kwenye friji, blauzi imepandishwa, sindano iko tumboni.

"Bibi! Si ulikatazwa?"

"Shh! Unataka nikimbilie chooni kila dakika mbele ya watu wote? Shangazi yako atahesabu."

"Lakini mama alisema..."

"Mama yako anasema mengi. Ni kidogo tu, haina neno. Hii ni siri yetu wawili, umenisikia? Haya, peleka visahani."

Hilke alipeleka visahani. Kipande chake cha keki hakukigusa.

Jumatatu shule ilifungwa kwa mkutano wa walimu, hivyo Hilke alikwenda hospitali pamoja na Bibi na mama yake. Anga lilikuwa jeusi tangu asubuhi. Ndani ya gari Bibi hakumtazama mjukuu wake hata mara moja.

Mtaalamu wa picha aliitwa Lieuwe, kijana mrefu aliyeinamisha kichwa kila alipopita mlangoni.

"Bibi Geertrui, hongera ya jana! Mimi hujaniachia keki?"

"Ungekuja mapema," alisema Bibi.

Lieuwe alicheka, kisha akaeleza kazi yake. "Uvimbe kama wako wa utumbo una vipokezi juu yake. Fikirieni viti. Dawa nitakayokuchoma inakwenda kukaa kwenye viti hivyo, na inapokaa, mashine inaiona iking'aa. Titi likikaa giza, huenda daktari akafikiri uvimbe wa titi ni jambo jingine kabisa. Sasa, ile sindano yako ya kila siku hukaa kwenye viti vile vile, na dawa yangu ikakosa nafasi. Hukujichoma tangu juzi jioni?"

"Sikujichoma," alisema Bibi.

Hilke alingoja Bibi arekebishe jibu lake, lakini Bibi alikuwa akivua saa mkononi.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke aliyevaa glavu alileta kisanduku kizito cha madini ya risasi yanayozuia mionzi, akakiweka mezani taratibu.

"Dawa hii hapa," alisema Lieuwe. "Imetengenezwa sasa hivi, na haingoji. Baada ya saa moja na kidogo nusu yake imekwisha. Nipe mkono, Bibi."

Bibi akakunja mkono wa blauzi.

"Alijichoma!" Sauti ya Hilke ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jana, jikoni. Nilimwona."

Wietske akamgeukia Bibi.

"Mama?" aliuliza Wietske. "Ni kweli?"

"Mropokaji mkubwa wewe," Bibi alimwambia Hilke. Lakini hakukanusha.

Lieuwe alikirudisha kisanduku. "Leo hatupigi," alisema. Hakufanya mzaha tena.

Picha ilipigwa Alhamisi, bila ile sindano ya kila siku. Wiki iliyofuata daktari alikigeuza kioo cha kompyuta waione wote watatu. Mwili wa Bibi ulikuwa kivuli cha kijivu. Kwenye utumbo kulikuwa na doa lenye kung'aa walilolijua. Na kwenye titi la kushoto kulikuwa na doa jingine, dogo, liking'aa vile vile.

"Ndiyo, ni ugonjwa ule ule, umehamia titini," alisema daktari. "Sitawaficha, si habari njema. Ila doa jipya tumeliona likiwa peke yake, na tunajua ni nini. Tutalitoa hilo tu, kisha tutabadilisha dawa. Lisingeonekana, huenda tungetibu ugonjwa ambao huna, na huu ungeendelea kutembea."

Wietske alikwenda kuleta gari. Bibi na Hilke walibaki wakingoja kwenye benchi la ukumbini. Mvua ilipiga vioo.

"Bado umenikasirikia?" aliuliza Hilke.

"Nilikasirika siku tatu. Nilimwona Lieuwe mjinga, na wewe nikakuona mbaya zaidi." Bibi alimshika mkono. "Nisikilize, Hilke. Niliona aibu mbele ya wageni, nikakutwika siri ambayo mtoto hapaswi kuibeba. Mtu mzima akikuomba ufiche jambo la ugonjwa wake, kamwambie mtu mwingine siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka sindano iko mkononi."

"Hata ukinigombeza?"

"Nikikugombeza, sema kwa sauti zaidi."