Bangili ya Sufuria ya Bibi

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele, na mtaa mzima ulimwita Msusi. Lakini raha yake ilikuwa kwenye meza ndogo ya kibarazani. Juu yake palikuwa na nyundo, tupa, koleo na vipande vya shaba. Saluni ikifungwa tu, Msusi huyo! Anatengeneza hereni, anatengeneza pete. Hakuuza hata moja. Alipenda tu.

"Wenzako wakichoka hulala," mumewe alimtania. "Wewe ukichoka unagonga!"

Mumewe alikuwa fundi wa visu. Chuma alikijua barabara.

Sasa binti yao alikuwa anaolewa, na Msusi alikuwa amemwahidi bangili. Si ya shaba ya kuokoteza. Ni ya sufuria ya bibi, yaani marehemu mama yake Msusi. Sufuria hiyo ya shaba ilikuwa imetoboka kitako. Msusi alikata ubavu wake, akapata vipande viwili virefu.

Alianza na kimoja. Alikigonga vitone vya urembo mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza kukikunja. Kikagoma. Akaongeza nguvu. Kah! Kikapasuka katikati.

Wifi yake alikuwa amekaa pembeni, anatazama.

"Wifi, achana na masufuria," alisema. "Bangili nitanunua mimi dukani. Usije ukatuaibisha mbele ya wakwe."

Msusi alitazama mezani. Kipande kilikuwa kimebaki kimoja. Kikipasuka nacho, ndiyo basi tena.

"Baba, je, nikikipasha moto?" alimwuliza mumewe, aliyekuwa akinoa kisu mlangoni.

"Thubutu! Moto na maji ndivyo vinavyofanya visu vyangu viwe vigumu. Utakimaliza kabisa!"

Wakati huo jirani yao alikuwa anapita na sanduku lake la kazi. Ni mwanamke anayetengeneza friji, na watu humwita Mama Barafu.

"Jamani, mbona mmenuna hivyo?" aliuliza. Msusi akamwonyesha kipande kilichopasuka. Mama Barafu akakigeuza mkononi.

"Shemeji, unasema kweli, lakini kweli ya chuma cha visu," alimwambia fundi. "Shaba ina tabia yake. Ukiigonga sana inakakamaa. Ukiendelea, inapasuka. Moto ndio unaoilainisha. Mimi nikitaka kukunja bomba la friji, napasha kwanza."

"Na ukiitia kwenye maji?"

"Inapoa tu. Haiwi ngumu."

"Haiwezekani!"

"Haya, tujaribu na hiki kilichopasuka."

Wakatoka uani, mbali na mapazia. Msusi alifunga nywele, akavua mtandio, akavaa miwani ya kazi ya mumewe. Mama Barafu aliweka kipande juu ya tofali, kivulini.

"Kwa nini kivulini?" Msusi aliuliza.

"Ili uione rangi. Ikiwa nyekundu kwa mbali, inatosha. Ukizidisha, itayeyuka."

Akawasha mtungi wake mdogo wa gesi. Shaba ikawa nyeusi, kisha wekundu ukaanza kuonekana. Akazima moto. Msusi akakishika kwa koleo, akakitia kwenye ndoo ya maji. Chwaaa!

Kilipopoa, fundi wa visu alikichukua. Akakikunja kwa vidole vyake.

"Makubwa haya!" alisema. "Na miaka yote namkataza mke wangu moto!"

Msusi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua kipande cha mwisho. Alikigonga taratibu. Kikikakamaa, anakipasha tena kwa gesi ya Mama Barafu. Alikikunja kwenye bomba nene kwa nyundo ya mpira, isikwaruze urembo. Alisugua kingo kwa tupa, halafu kwa msasa, zisimkate mwanawe. Weusi wa moto aliutoa kwa ndimu na chumvi, akasuuza. Bangili ikang'aa.

Siku ya harusi, wifi alikuja na kijisanduku cha dukani. Bibi harusi alikipokea kwa mikono miwili.

"Asante, shangazi. Hii nitaivaa siku nyingine. Leo navaa sufuria ya bibi!"

Akainua mkono juu. Wakwe wakasogea kuitazama.

"Nani kaitengeneza?" waliuliza.

"Mama yangu!"

Msusi alijiona mrefu kuliko watu wote ukumbini. Wifi akamsogelea, akamnong'oneza.

"Wifi yangu, ile sufuria imekwisha?"

"Ubavu umekwisha. Kitako kipo. Njoo kibarazani, nikufundishe utengeneze yako mwenyewe."

"Mimi? Si nitaipasua!"

Fundi wa visu alisikia. Akavuta suti yake, akatoa kifua mbele.

"Moto kwanza, dada!" alisema kwa sauti. "Shaba si kisu. Muulize mke wangu."